King'ora cha Kampuni na Mwano wa Mama

Watu wakiniuliza kama ni vizuri kuajiriwa na kampuni kubwa ya uhandisi, na mimi huwauliza kama wana mama. Asiye na mama namwambia aende, atanenepa. Mwenye mama namwambia akae kwanza anisikilize, hasa kama mama mwenyewe anaishi mahali ambapo king'ora cha kampuni kinasikika.

Nianze na mazuri. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi bado natuma maombi ya kazi.

Kampuni ilikuja Meatu kujenga barabara ya lami, ikaweka kambi kijijini kwetu, upande wa Lingeka, pale mashamba ya pamba yanapoishia na mbuga nyeusi inapoanza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti cha usalama kazini, nauza vocha na soda stendi ya Bariadi huku nikisubiri nchi inikumbuke. Wakanichukua. Cheo changu kilikuwa kirefu mno, kwenye kitambulisho hakikuenea, mwisho wake ukakatwa. Vibarua wakakimalizia kwa kunipa jina fupi: Sefti. "Vaa kofia, Sefti anakuja."

Nilipewa kofia ngumu, rifleta, kile kizibao cha kung'aa, yenye jina la kampuni mgongoni, na buti zenye chuma vidoleni. Anayeijua mbuga yetu wakati wa masika ataelewa buti zile zilikuwa baraka gani. Wenzangu waliacha kandambili zao kwenye tope na kuziaga. Mimi nilitoka na miguu yangu yote, pamoja na sehemu ya shamba la jirani. Mshahara uliingia siku ileile kila mwezi, jambo ambalo kwetu watu walikuwa wanalisikia kwenye redio tu. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa. Maziwa yenyewe yalikuwa ya unga, yametoka ng'ambo, ilhali ng'ombe wa kijiji walikuwa wanajikuna kwenye uzio wa kambi. Kisa? Ng'ombe wa kijiji hawakuwa na cheti.

Zuri kuliko yote lilikuwa bima. Mama yangu ni mjane, mkulima wa karanga na pamba kidogo, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amefika mahali anasalimia mbuzi akidhani ni wageni. Kwa kadi yangu ya bima akapelekwa hospitali Mwanza, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Walipomfungua bandeji alinitazama kwa muda mrefu, nikajiandaa kulia. Akasema, "Kumbe na wewe umezeeka hivi." La kushoto likapangiwa miezi ya mbele, kambi ikiendelea, mimi nikiendelea.

Sasa mabaya. Kampuni kubwa inaweza kufanya jambo lolote kubwa. Ukiitaka ihamishe kilima, itahamisha, na picha itapigwa. Jambo dogo ndilo linaloishinda. Bawaba ya mlango wa choo cha wafanyakazi ilivunjika. Nusu ya vibarua wetu walikuwa maseremala, yeyote kati yao angeitengeneza huku akitafuna muwa. Haikuwezekana. Ilibidi ichunguzwe chanzo cha kuvunjika, ipigwe picha, iombewe kibali makao makuu, na makao makuu yako nchi ambayo wakati sisi tunaamka wao wanalala. Katika kusubiri tukabuni utaratibu wetu: ukiingia unaimba, ili wa nje ajue kuna mtu. Nikazijua sauti za wahandisi wote. Meneja wa mradi, mgeni, mtu mrefu mwenye adabu, alikuwa anaimba wimbo wa taifa lao, na wapima ardhi walikuwa wanasimama wima kumheshimu. Daraja kubwa la mto lilikamilika kabla ya bawaba.

Hayo ni ya kucheka. Lisilo la kucheka ni kwamba kampuni kubwa ina midomo mingi sana na hakuna hata mmoja unaoweza kusema samahani.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze mwano. Mwano ni yowe la hatari. Ng'ombe wakiibwa, nyumba ikishika moto, ukivamiwa, unapiga yowe huku kiganja kikigongagonga mdomo. Anayekusikia anapiga, na anayemsikia yeye naye anapiga, mpaka sauti inavuka vijiji haraka kuliko bodaboda. Mwanaume yeyote akiusikia anaacha alichoshika, anachukua silaha, anakimbilia ulikotokea. Sheria hiyo inasimamiwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, na haihitaji kibali. Usipoukimbilia, unapigwa faini. Ukiupiga bila sababu, unatoa ng'ombe achinjwe, waliokimbia wale. Ukikataa kumtoa, unatengwa: hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto wala chumvi, ukifika kwenye mashine ya kusaga inazimwa, na anayekusemesha naye anatengwa. Ni sheria ngumu. Lakini inatiiwa kuliko zote nilizowahi kubandika ukutani, tena nilibandika nyingi.

Kampuni nayo ikaleta mwano wake. King'ora kilifika kwenye sanduku kubwa, kikafungwa juu ya nguzo katikati ya kambi, na maelekezo yakafuata: kifanyiwe mazoezi, na mazoezi yawe ya kushtukiza. Nikaandika makao makuu kwamba ni vyema tukawataarifu majirani. Nikajibiwa kwamba majirani hawamo ndani ya mipaka ya zoezi.

"Sauti haijui mipaka ya zoezi," nilimwambia meneja.

Alisema hoja yangu ni nzuri sana, niiandike. Nikaiandika. Nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa. Kule maoni hupokelewa kama mgeni anayekaribishwa mlangoni na kuachwa amesimama hapohapo.

Basi Alhamisi moja, baada ya chai, nikabonyeza. Kwa kweli kilikuwa king'ora kizuri. Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, kama mtu anayelilia mtu. Vibarua wakaacha majembe, wahandisi wakatoka ofisini, wote wakajipanga kwenye kibao cha kukusanyikia, na mimi nikasimama mbele yao na orodha yangu nikijiona mkuu wa majeshi. Meneja akanionyesha dole gumba.

Ndipo nikasikia, nyuma ya kile king'ora, kutoka mji wa kwanza, kaya iliyo ng'ambo ya uzio tu, sauti ninayoijua tangu tumboni.

Mama alikuwa anatwanga karanga. Kwa jicho lake jipya alikuwa ameona watu wanakimbia ovyo ndani ya kambi, na kwa masikio yake akasikia kitu kinalia kilio ambacho hajawahi kukisikia, na mimi mwanawe nilikuwa humo ndani. Akapiga mwano. Sauti ya mama yangu ilishawahi kumrudisha fisi alikotoka.

Mji wa pili ukaupokea, kisha wa tatu, kisha mwano ukaondoka kuelekea magharibi na kurudi kutokea kaskazini. Nikawaona vibarua wetu, vijana wa palepale wote, wanaanza kutazamana kwenye mstari. Sheria ya kampuni ilisema usiondoke kwenye kibao. Sheria ya kijiji ilisema kimbia. Hawakujadiliana. Mstari ulivunjika wote kwa pamoja, wakatoka getini mbio kwenda makwao kuchukua marungu. Mlinzi wa geti naye akaondoka, maana yeye ni sungusungu, na geti akaliacha wazi kwa heshima ya watakaokuja.

Nilibaki kwenye kibao na meneja, wapishi, na mpima ardhi mmoja wa Dar aliyekuwa anauliza hii ni sehemu ya mazoezi au vipi. Muda si mrefu vibarua wetu walirudi, safari hii wakiwa na mikuki, pinde na filimbi, na nyuma yao Meatu yote. Meneja alitazama wafanyakazi wake mwenyewe wanavyomjia, akaingia kwenye kontena la ofisi, akafunga kwa ndani. Simlaumu. Na mimi ningeingia kama asingekuwa amefunga.

Kamanda wa sungusungu, mtu wa makamo mwenye shingo nene, alifika mbele yangu akihema.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, baba."

"Moto?"

"Hakuna."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukusanyika pakiwa na hatari."

Akageuka akautazama umati, akanirudia. "Tumekusanyika. Hatari iko wapi?"

Cheti changu hakikunifundisha jibu la swali hilo, na kusema kweli mpaka leo silijui.

Habari zikaanza kutoka kwa watu. Mmoja alikuwa analima, akaacha ng'ombe na plau lao, nao wakaendelea na kazi wenyewe mpaka ndani ya pamba ya jirani. Mwingine alikuwa kwenye mazungumzo ya mahari, wamebakiza kidogo wakubaliane; wazee walipokimbilia mwano, baba wa binti alipata nafasi ya kufikiri upya, na akifikiri upya baba wa binti hapunguzi ng'ombe. Mzee mmoja alikuwa ameteguka mguu. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki.

"Mwano ameuanzisha nani?" kamanda akauliza.

Kila mtu aliijua ile sauti, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Ndipo umati ukapasuka katikati, mama akatokea na mchi mkononi, kitenge kimemlegea, anahema.

"Nimepiga mimi," alisema. "Mtoto wangu yumo humu."

Kisha akaniona. Nimesimama mzima, na kofia yangu ngumu, na orodha mkononi. Alinitazama kwa jicho zima na kwa jicho bovu, akashusha mchi taratibu. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine nilizitafuta mwenyewe, lakini ya siku ile bado inanichoma nikiikumbuka.

Taarifa ya zoezi niliiandika, makao makuu wakaisoma, wakafurahi. Kutoka kazini bila ruhusa kulitajwa kama eneo la kuboresha. Kuhusu kijiji waliandika kwamba mwitikio wa jamii ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mwezi ule nikawa mfanyakazi bora wa usalama. Picha yangu ikabandikwa ukutani kwenye bwalo, nikitabasamu, juu ya birika la chai.

Na mama yangu akatengwa.

Si kwamba hakuwa na ng'ombe. Alikuwa nao, na alikuwa na dume moja kaidi ambalo hata mimi ningefurahi kuliona kwenye sufuria. Alikataa. "Ng'ombe si neno," aliniambia. "Nikimtoa, nimekubali kwamba nilisema uongo. Mimi sikusema uongo. Nilisikia kilio."

Kamanda hakuwa mtu mbaya. Nilipomfuata alinipa njia nyepesi kuliko nilivyotarajia. Aje mwenye king'ora, alisema, asimame kwenye mkutano mbele ya watu, atamke: kilichowaita ni chetu, tumekiliza sisi, mama huyu hakudanganya. Basi. Hata ng'ombe hamtaki.

Nikarudi kambini nakimbia kwa furaha. Sentensi moja! Kampuni yenye greda, vijiko vya kuchimbia, malori na ndege ya kukodi itashindwaje sentensi moja? Meneja alinisikiliza vizuri, tena kwa huruma, maana alikuwa anampenda mama. Mama alikuwa anamletea karanga za kukaanga, na yeye alikuwa anazila akiwa amefunga macho. Akasema angekuja hata leo, ila hawezi kuzungumza kwa niaba ya kampuni bila kuuliza. Akauliza. Swali likapanda kwa wakubwa wa Bariadi, wakalipandisha Dar, Dar wakalivusha bahari, likafika kwa wanasheria.

Wanasheria walijibu kwa kurasa nyingi. Nilichoelewa ni kwamba kusema "ni sisi" ni kukiri, na anayekiri leo juu ya king'ora kesho ataulizwa juu ya ng'ombe walioingia kwenye pamba, na mguu wa mzee, na mahari iliyopanda. Kampuni, walisema, inaweza kueleza kwamba inatambua hisia za jamii. Nikamuuliza meneja hiyo nitaitafsirije kwa Kisukuma. Alifikiri, akasema hata kwa lugha yake haina maana.

Badala ya sentensi, makao makuu yakaleta zawadi: rifleta mpya kwa sungusungu wote, za rangi ya chungwa, zenye jina la kampuni mgongoni. Nilizigawa mwenyewe. Sungusungu walizipokea kwa vigelegele, wakazivaa siku hiyohiyo, na kuanzia hapo watu waliopita mbele ya mji wa mama yangu bila kumsalimia walikuwa wanang'aa.

Mimi niliishi kambini, ndani ya uzio, ambako utengo haukufika. Jumapili nilikwenda kumwona, nikimpelekea chumvi na unga kutoka jiko la kampuni. Mwanzoni alijitia kufurahia. Alisema amepumzika, hakuna anayekuja kuazima kinu. Alisema kuku wana mazungumzo mazuri kuliko shangazi yangu. Kilichomuuma ni mbuzi wa jirani: walikuwa wanaingia kwenye mihogo yake kila siku, na yeye hawezi kwenda kushtaki, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kumsikia. "Mbuzi nao wanajua," alisema. "Wananitafunia machoni."

Asubuhi moja nilifika mapema kuliko kawaida. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, na wanawake walikuwa wanapita njiani kwenda kisimani na ndoo zao. Kwa kila aliyepita mama alisema, "Mwangaluka, mayu." Habari ya asubuhi, mama. Wanawake wakatazama chini wakapita. Ndipo mama akajiitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya yule aliyepita, "Mwangaluka," kisha akaendelea kujiuliza habari za watoto na kujijibu kwamba hawajambo. Alifanya hivyo kwa wote, kila mmoja kwa sauti yake. Aliwaigiza vizuri sana. Nilisimama nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira mpaka kofia ikanidondoka.

Niliporudi kambini nilimwambia meneja kwamba nakwenda kwenye mkutano wa sungusungu.

"Kama mtoto wake?" aliniuliza.

"Hapana."

Akatazama buti zangu, akatazama rifleta. "Ukienda na mavazi hayo utakuwa unasema kama kampuni."

"Ndiyo maana nayavaa."

Alinikumbusha kuhusu mkataba wangu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akanikumbusha jicho la kushoto. Nilikuwa nimelikumbuka. Sikuwa nimelala kwa kulikumbuka. Nikipoteza kazi nimepoteza bima, na mama atabaki na jicho moja. Lakini nilijiuliza, nikimponya jicho, atamtazama nani? Watu wanaompita wametazama chini?

Mkutano ulifanyika uwanjani, mbele ya ghala la pamba. Nilikwenda na kila kitu nilichopewa: kofia, rifleta, buti, miwani ya kukinga macho, hata viziba masikio vinaning'inia shingoni. Watoto walidhani nimekuja kulipua mwamba. Nikasimama katikati nikasema: "Mimi ni kampuni. Kilichowaita siku ile ni king'ora chetu. Tumekiliza sisi, kidole ni hiki, na hakukuwa na hatari yoyote. Mama huyu hakudanganya. Alisikia kilio, na kilio kilikuwepo. Tunaomba samahani."

Kamanda akaniuliza, "Wewe ni kampuni yote?"

"Waliobaki wako kwenye kikao," nilisema.

Walicheka, na kwetu watu wakicheka mkutanoni shauri limeshakwisha nusu. Wakasemezana. Kamanda akatoa hukumu: mama yangu amefunguliwa, asalimiwe. Na kuanzia leo king'ora cha kampuni si mwano. Kikilia, kilie. Mtu yeyote atakayepiga mwano kwa sababu ya kile king'ora atatengwa moja kwa moja, hata aje na kampuni nzima na kofia zao.

Mwenye mbuzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsalimia mama. Masikini, hakujua alichokifungulia. Mama aliitikia salamu, akavuta pumzi, akamwaga habari za mihogo yote kwa mpangilio, bila kusahau hata shina, na yule bwana alisimama pale anaitikia "ee mayu, ee mayu" huku watu wanashika mbavu. Sijawahi kumwona mama ana furaha kiasi kile.

Barua yangu ilifika haraka. Ni barua pekee ya makao makuu niliyowahi kuiona ikifika haraka. Ilinishukuru kwa mchango wangu na kusema nimezungumza kwa niaba ya kampuni bila idhini, jambo ambalo ni kweli kabisa. Nikarudisha buti. Kuna karatasi anapewa anayeondoka, inauliza ulipenda nini zaidi kazini, nikaandika bima. Chini yake inauliza nini kilikufanya uvumilie mambo usiyoyapenda, nikaandika bima. Picha yangu ya mfanyakazi bora haikubanduliwa, maana kuibandua kunahitaji kibali. Meneja alitoka mwenyewe mpaka kwa mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, hakusema neno katika lugha yoyote, akaondoka na karanga zake. Nilimpenda yule mtu. Angekuwa na kampuni ndogo angekuwa mtu mkubwa.

Mama alinigombeza. "Nani alikutuma? Mimi ningenyamaza mpaka wachoke."

"Wewe, mayu? Unyamaze?"

Alitaka kukasirika, akacheka. Jicho la kushoto hatukulizungumzia siku ile.

Hivi sasa niko Bariadi, duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mwislamu. Wafanyakazi ni mimi na yeye. Buti sina, bima sina, na mshahara unategemea kama watu wanapaua nyumba. Lakini mzee akimpa mteja misumari isiyo yake anasema "samahani mwanangu" papo hapo, bila kuuliza ng'ambo, na mteja anaondoka ameridhika. Mara ya kwanza kumsikia niliacha kupima nondo nikamtazama. Jicho la mama tunalichangia ndugu, kidogo kidogo, bado.

Kabla sijapata kazi hiyo nilikaa nyumbani kwa mama msimu mzima. Alhamisi moja, baada ya chai, tulikuwa nje tunabangua karanga za mbegu. King'ora kikalia. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kambini walikuwa wameshaajiri Sefti mwingine, na bila shaka alikuwa amesimama mbele ya kibao na orodha yake.

Mama akasimama, karanga zikamwagika.

"Mayu, kaa," nilimwambia. "Ni mazoezi."

"Unajuaje?"

"Najua."

"Unajuaje? Wewe si wamekufukuza?"

Nikamkumbusha hukumu ya kamanda. Akasema alikuwepo, alisikia, jicho ndilo bovu, si sikio.

"Watakutenga tena."

"Watoto wa watu wamo mle ndani," alisema, na akaweka kiganja mdomoni.

Alipiga. Hakuna aliyeitikia. Njiani watu walisimama, wakatazama kambi, wakatazama kwetu, wakatazama miguu yao. King'ora kilikuwa kinalia peke yake upande ule, na mama peke yake upande huu, na mimi katikati nikiwa na bakuli la maganda. Akavuta pumzi akapiga tena, sauti ikamkatika, akapiga hivyohivyo. Nikaweka bakuli chini. Nikaweka kiganja mdomoni na mimi, na wa kwangu ulitoka mbaya, maana nilikuwa nimezoea kubonyeza.

Ndipo kutoka kwa yule mwenye mbuzi likatoka yowe moja zito, la mwanaume, kisha la pili kutoka nyuma ya ghala. Nikaona rifleta ya rangi ya chungwa inakatiza katikati ya pamba, na nyuma yake nyingine, na nyuma ya hiyo shingo nene ninayoijua. Mama alikuwa ameshatangulia, mchi mkononi. Mimi nilitafuta kandambili zangu, nikaiona moja tu, nikakimbia nayo hiyohiyo.